Kufuli zito, mlango mwepesi

Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Edward ndani ya Hifadhi ya Virunga, si mahali pa kuta za zege. Nyumba nyingi ni za mbao au udongo. Lakini fedha ya usalama huishia kwenye kufuli! Mwizi haligusi, hung'oa misumari ya bawaba, akaingia. Mjini Goma wanayo mawe ya volkeno ya Nyiragongo, na lava ya mlipuko wa 2002 imegeuzwa kuta na nyua. Vitshumbi iko mbali na lava hiyo, basi fedha ianzie kwenye fremu ya mbao ngumu na boliti zinazopenya ubao, nati zikikazwa kwa ndani.