Ufagio na Kiberiti: Moto wa Kilima na Moto wa Nyumba, Busia na Tororo

Januari ikiingia, vilima vya Samia, Busia upande wa Kenya, hubadilika rangi. Nyasi zilizokuwa mbichi Novemba huwa zimepauka, na mtu akipita kando ya njia huzisikia zikikwaruzana kwa ukavu. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, kuzunguka Mwamba wa Tororo na vilima vya Sukulu, hali ni hiyo hiyo. Mvua zimekatika na masika hayatarajiwi kabla ya Machi. Hapo katikati ndipo moshi unapoanza kuonekana: sehemu moja asubuhi, tatu mchana, na usiku kamba nyekundu ikipanda mlima.

Wanaouwasha moto huo wanajulikana, wala si watu wa kutisha. Mchungaji anataka majani mapya mvua ikianza. Mkulima anasafisha shamba kabla ya jembe. Vijana wanawinda panya, mrina asali ameacha mwenge chini ya mti, mchoma makaa hakulifukia tanuri vizuri. Samia imeujua moto tangu kale: wahunzi wake waliyeyusha chuma cha vilima hivyo kwa makaa, na majembe yao yakauzwa hadi ng'ambo ya mpaka ambao wakati huo haukuwapo.

Swali la mada hii ni jembamba zaidi: moto wa mlimani huingiaje nyumbani?

Wengi watajibu kwamba hushuka ukameza nyumba. Si hivyo hasa. Moto hupenda kupanda. Kwenye mteremko, ndimi zake huinamia nyasi zilizo juu na kuzikausha kabla hazijaguswa. Wazimamoto wa Australia hukadiria kwamba kila mteremko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto huzidi mara mbili. Kwa hiyo aliyejenga karibu na kilele, akifurahia upepo na mandhari, ndiye aliye hatarini zaidi kuliko jirani yake wa bondeni.

Tena nyumba nyingi haziguswi na ulimi wa moto kabisa. Huunguzwa na cheche. Jack Cohen, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza kwa nini nyumba moja huteketea na ya jirani ikabaki. Alichokiona ni kwamba hatima ya nyumba huamuliwa na nyumba yenyewe pamoja na vitu vilivyo mita chache kuizunguka: majani makavu kwenye paa, kuni ukutani, mkeka mlangoni. Mji wa Paradise, California, ulipoungua Novemba 2018 na kuua watu 85, palionekana miti iliyosimama na majani yake ya kijani kando ya nyumba zilizobaki majivu. Sheria ya California humtaka mwenye nyumba kwenye maeneo ya hatari asafishe eneo la mita 30 kuizunguka, na wakaguzi hupita kuhakikisha.

Hapa panafaa kusimama kidogo, kwa sababu mita hizo za California zina mwenzao wa zamani sana Busia na Tororo, naye hahitaji mkaguzi. Alfajiri, kabla ya chai, mama wa boma huinama na ufagio wa vijiti, akaanzia mlangoni na kurudi nyuma hadi ukingo wa uwanja. Hufagia majani, maganda, vinyesi vya kuku, mpaka udongo ubaki mtupu wenye mistari ya ufagio kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ukimwuliza, atakwambia ni usafi, au ni kumwona nyoka mapema. Lakini moto wa nyasi ukifika kwenye udongo huo hukosa cha kula, ukafa.

Shida ni kwamba uwanja huo unapungua. Ardhi imegawanywa kwa wana na wajukuu, na mikaratusi, miti yenye mafuta kwenye majani yake, imepandwa hadi ukingo wa nyumba kwa sababu nguzo zina soko. Kuni hupangwa kwenye ukuta wa jiko zisinyeshewe. Ghala la nafaka, ambalo Wateso huliita edula, lina kuta za fito na paa la nyasi, nalo husimama hatua chache tu kutoka nyumbani. Cheche moja ikitua juu yake alasiri yenye upepo, mavuno ya msimu huondoka kabla kamsa haijafika kwa jirani wa tatu. Mabati yamesaidia sana. Hata hivyo, aliyeezeka nyumba kubwa kwa bati mara nyingi ameliacha jiko na nyasi zake, na jiko ndimo mlimo mafiga.

Moto huenda upande wa pili pia, kutoka nyumbani kwenda kilimani, na mpakani una chakula chake maalumu. Busia na Malaba ndipo malori yaliyopakia Kisumu na Eldoret huvukia na mafuta ya Uganda. Bei zinapotofautiana pande mbili, mitungi ya lita 20 huvuka kwa njia za panya, juu ya baiskeli na pikipiki. Mitungi hiyo hulala chumbani, chini ya kitanda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango hadi penye mafiga. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, koroboi la mtoto anayesoma huweza kulipuka mkononi.

Julai 2021, lori la mafuta lilipinduka Malanga, kaunti ya Siaya, kwenye barabara ya kwenda Busia. Watu walikuja na mitungi kuchota, moto ukalipuka, na wasiopungua 13 wakafa.

Sheria zipo. Uganda ilipiga marufuku kuchoma nyasi bila ruhusa mwaka 1974, enzi za Idi Amin. Kenya ina sheria yake ya moto wa nyasi, sura ya 327. Ila zimamoto Uganda ni idara ya polisi, na Kenya ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo majirani wanaouona moto ule ule hupiga simu kwa wakubwa wasiofahamiana. Na gari la zimamoto, hata likifika, halipandi njia ya mbuzi. Wanaouzima ni wanakijiji na matawi mabichi.

Kazi yenye faida hufanyika kabla. Desemba mapema nyasi zikiwa nusu mbichi, asubuhi umande ungalipo, kwa kufyeka mstari wa mita nne kisha kuchoma kutoka juu kwenda chini, moto hutembea polepole na mtu huufuata kwa miguu. Semina ambayo mada hii imeandikiwa inaombwa ianze na hilo: tarehe moja ya Desemba, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, upande wa Uganda na naibu wa chifu upande wa Kenya, na mstari wa kufyeka unaoanzia kwenye jiwe la mpaka.