Kujitegemea Si Kutegemewa

Mazungumzo na wazazi na walezi wa Kaunti ya Kilifi



Leo tuzungumze kuhusu kuwalea watoto wetu ili wakue wakijitegemea. Naanza na maneno mawili tunayoyachanganya. Kuna kujitegemea na kuna kutegemewa. Mtoto anayejitegemea anaweza kufua sare yake, kupanga wakati wake wa kusoma na kukataa akishawishiwa na watu wabaya. Mtoto anayetegemewa ni yule ambaye nyumba nzima inamngoja jioni alete unga. La kwanza ni malezi. La pili ni mzigo wa mtu mzima uliotwikwa kichwa cha mtoto.

Kuanzia Marereni na Ngomeni hadi Watamu, Takaungu na Mtwapa, tunawaona watoto wa miaka 13 na 14 walioacha masomo. Wengine wanachuuza ufuoni, wengine wako kwenye matimbo ya mawe, wengine wamepelekwa mjini kuwa mayaya. Tukiulizwa tunajibu, "Huyu amekua, anajitegemea." Na katika boma hilo hilo utamkuta kijana wa miaka 20 asiyejua kujipikia wala kufua shati, kwa sababu dada zake wako. Hawa wawili wana tatizo moja. Hatukuwapandisha ngazi, kidato kwa kidato. Mmoja tulimrusha juu ya paa, mwingine tukamwacha chini.

Wavuvi wetu wanalijua somo hili. Mwanagenzi baharini huanza kwa kutoa maji yaliyoingia chomboni na kupanga nyavu. Kisha anafunzwa tanga. Usukani anaushika siku bahari ni shwari, nahodha akiwa karibu yake. Hakuna nahodha anayemkabidhi mwanagenzi chombo mwezi wa Juni, kusi imechacha, halafu akarudi pwani kulala. Lakini pia hakuna mwanagenzi aliyekuwa nahodha kwa kukaa tu akitazama.

Nyumbani twende hivyo hivyo. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano avae ndara zake, anawe mikono, arudishe kikombe mahali pake. Atachelewa na atamwaga maji. Mwache amalize. Mtoto wa miaka sita hadi tisa afagie, atandike pale anapolala, atumwe duka la karibu na arudi akihesabu chenji. Kuanzia miaka 10 ajue kusonga sima, kufua sare na kutunza kuku wake mwenyewe. Nasema wake kweli. Kuku akitaga na kuangua, mtoto aulizwe kabla ya vifaranga kuuzwa, na pesa ikipatikana apange naye itumikeje. Kumpa mtoto kuku halafu ukamchinjia wageni bila kumwambia ni kumfunza kwamba jasho lake si lake.

Akifika sekondari msingi, mshirikishe kwenye hesabu ya nyumba. Mwonyeshe kuna shilingi ngapi, unga ni kiasi gani, daftari ni kiasi gani. Muulize yeye angeanza na lipi. Na kazi hizi zote ni za mvulana na msichana. Sima haiulizi imesongwa na nani.

Mtoto akikosea jambo dogo, usimkimbilie. Akisahau kufua sare, avae iliyochafuka siku hiyo. Kesho atakumbuka. Lakini pakiwa na hatari, kama maji ya kina, barabara kuu, usiku, au mtu mzima mwenye nia mbaya, hapo si pa kumwachia ajifunze mwenyewe. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Karo ya ulimwengu ni ghali.

Sasa nije kwenye lile gumu. Najua hali ilivyo. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, Ganze na Magarini walizika mifugo na mashamba hayakutoa kitu. Mzazi akiwa hana, na mtoto akarudi na shilingi 500, ni vigumu kuuliza zimetoka wapi. Tafadhali uliza. Mtoto anayeleta pesa asizoweza kuzieleza huenda analipa kwa mwili wake au kwa maisha yake. Ukinyamaza, unakuwa umemwambia endelea.

Sheria nayo iko wazi. Mtoto ni mtu yeyote ambaye hajafika miaka 18. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Timbo la mawe si kazi nyepesi. Uyaya wa kulala kwa watu na kukosa shule si kazi nyepesi. Kumsaidia mama kuchota maji baada ya shule, akabaki na muda wa kusoma na kucheza, hayo ni malezi.

Kwa wasichana, tuseme waziwazi. Binti afunzwe kuhusu hedhi kabla haijamjia, na pesa ya sodo iwe kwenye hesabu ya nyumba, asilazimike kuitafuta kwa mwenye bodaboda. Akipata mimba akiwa na miaka 15, hajageuka mtu mzima. Bado ni mtoto, sheria hairuhusu aozwe, na mwongozo wa serikali wa 2020 unamruhusu kurudi shuleni. Mpokeeni nyumbani, kisha mpelekeni kliniki na shule.

Mtoto mwenye ulemavu naye tusimfiche wala kumfanyia kila kitu kwa huruma. Kama mkono mmoja unafanya kazi, apewe kazi ya mkono huo. Kujilisha, kujivalisha na kwenda msalani mwenyewe ni heshima kubwa kwake.

Kuna wanaomaliza shule bila alama za kwenda mbele. Kwa mujibu wa Katiba, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani viko chini ya kaunti. Ushonaji, useremala, umeme na umekanika ni njia za kujitegemea kama zilivyo nyingine. Ulizeni chuo kilicho karibu kwenye ofisi ya wadi yenu.

Na miaka 18 ikifika, kijana anahitaji kitambulisho. Bila hicho hapati leseni ya kuendesha pikipiki wala akaunti ya benki. Safari ya kitambulisho huanza na cheti cha kuzaliwa. Kuzaliwa kusajiliwe ndani ya miezi sita. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, na masharti huongezeka. Kama cheti cha mwanao hakipo, nenda kwa chifu au naibu wake wiki hii. Usingoje mpaka siku ya mtihani.

Mkiona mtoto anayedhulumiwa au kutumikishwa, pigeni simu nambari 116. Haina malipo, usiku na mchana. Au nendeni ofisi ya watoto katika kaunti ndogo yenu.

Wazazi wenzangu, ombi langu ni dogo. Leo jioni, kila mmoja amchagulie mtoto wake kazi moja mpya inayolingana na umri wake. Mwonyeshe mara moja, fanyeni pamoja mara ya pili, mara ya tatu kaa kando utazame. Na kama kuna mtoto nyumbani aliyebeba mzigo wa mtu mzima, mtueni. Siku ya kutegemewa itafika, na itamkuta yuko tayari.