Mzee Asilazwe Kupita Kiasi
Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Katika umri huo, dawa pekee haimrudishii mzee wa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, aliyetoka hospitali baada ya homa ya mapafu, nguvu za kushuka ufukweni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 ulibainisha kwamba wazee wenye siha, walipolala kitandani siku 10, walipoteza takriban kilo 1 ya misuli ya miguu. Kwa hiyo jamaa, ambao kwa huruma humkataza hata kuinuka, hawana budi kumsimamisha kila asubuhi, kumtembeza taratibu akishika mkongojo, na kumwongezea samaki wadogo wa usipa na maharage katika ugali wake. Kwani siha yake ni amana mikononi mwao.