Uzi wa Mganga na Saburi Yetu

Katika jubilei hii twakumbuka wema wote tuliotendewa. Hata uzi wa mganga tusiusahau. Sisi watu wa Rungwe twashika panga daima, migombani na katika mashamba ya chai, na damu si ngeni kwetu. Mtu akijikata, tusimtie majivu wala mavi ya ng'ombe, maana uchafu huo waweza kuleta pepopunda. Tukandamize jeraha kwa kitambaa safi, bila kufunuafunua, huku tukimpeleka hospitali ya Makandana, Tukuyu.

Hapo kale mishipa ya damu ilichomwa kwa chuma cha moto. Katika karne ya 16 Ambroise Paré, mganga Mfaransa, aliifunga kwa uzi; hata leo mganga apasuapo hubana mshipa, akaufunga. Kisha hushona ngozi. Walakini uzi hauponyi: washika kingo tu, hata nyama iungane. Usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi. Miguuni hata siku 14.

Tulimwona kijana aliyezikata nyuzi nyumbani siku ya 4, kwa kuwa maumivu yamekwisha, akaenda kulima. Jeraha likafumuka, akarudi ana homa. Basi, mganga akiisha kushona, kazi iliyobaki ni yetu: usafi, chakula chema, na saburi.