Hesabu ya Mkeka

Twaeni daftari na kalamu. Somo la leo ni hesabu, nalo lahusu mpira.

Wengi mwakumbuka Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019. Taifa Stars walicheza na Uganda hapo Temeke, katika uwanja ambao sasa waitwa Benjamin Mkapa. Uganda walikuwa wamekwisha kupata nafasi ya kwenda Misri katika mashindano ya Afrika. Sisi hatukuwa tumefika huko tangu mwaka 1980. Tukashinda mabao 3 kwa 0! Lakini huko Misri timu yetu ilifungwa na Senegal, na Kenya, na Algeria.

Basi nani awezaye kujua matokeo kabla ya mchezo? Hayuko. Hata mwenye duka la kubeti hajui, wala hana haja ya kujua. Faida yake imo ndani ya bei.

Andikeni mfano huu. Timu yetu ikishinda, duka hulipa mara 2 ya fedha uliyoweka. Wakitoka sare, mara 3. Wageni wakishinda, mara 3. Sasa mtu ataka apate shilingi 6,000 kwa vyovyote vile. Ataweka 3,000 kwa ushindi wetu, 2,000 kwa sare, na 2,000 kwa wageni. Jumlisheni. Ametoa 7,000 ili apokee 6,000. Ile 1,000 ni ya duka, hata kabla ya filimbi kulia.

Na mkeka je? Mkeka ni michezo kadhaa katika karatasi moja. Ukikosa mmoja, umekosa yote. Tuseme una michezo 5, na kila mmoja una swali la majibu 2 tu: mabao yatazidi 2, au hayatazidi. Majibu yaweza kupangwa kwa njia 32. Watu 32 wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, kila mtu na mpango wake, zinapatikana 32,000. Mmoja tu atapatia. Ikiwa kila jibu hulipwa mara 1.80, mtu huyo atapokea kama 18,896. Zilizobaki ni 13,104, nazo hazirudi mtaani.

Mshindi huyo mmoja ndiye tutakayemsikia kijiweni Tandika wiki nzima. Wale 31 hunyamaza. Ndiyo sababu twadhani washindi ni wengi.

Kubeti kwaruhusiwa kwa sheria ya mwaka 2003, ila si kwa mtoto wa chini ya miaka 18. Mimi sikuja kumkataza mtu mzima. Lakini siku hizi mkeka huwekwa kwa simu, na simu hiyo hiyo ndiyo yenye fedha ya unga na ya nauli. Mkono hauoni noti ikitoka. Kwa hiyo pigeni mstari katikati ya ukurasa: upande mmoja fedha iliyokwenda, upande wa pili iliyorudi. Mwandike kila mara, hata shilingi 500. Bibi na bwana wausome ukurasa huo pamoja mwisho wa mwezi.

Kazi ya nyumbani: duka hulipa mara 2.50 kwa kila tokeo, yaani ushindi wetu, sare, na ushindi wa wageni. Mtu ataka apokee 5,000 kwa vyovyote vile. Atatoa shilingi ngapi? Mpeni mwalimu wenu majibu.