Kipepeo Hapigwi Picha kwa Kukimbizwa

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na vijana wanaoongoza wageni, Gede, Kaunti ya Kilifi



Nimeombwa nizungumzie kamera. Nitaanza na kosa langu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilimwomba mtoto amshike kipepeo kwa mbawa ili nipate picha safi. Picha ikatoka vizuri. Nikamwonyesha mama mmoja mfugaji wa vipepeo, nikingoja sifa. Akaitazama, akasema, "Mwanangu, huyu haruki tena sawasawa." Ule unga uliobaki kwenye vidole vya mtoto ni magamba ya ubawa, na yakitoka hayaoti upya. Picha ile sijaitumia mpaka leo.

Mama yule alikuwa na haki ya kuudhika. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo hapa Gede hununua pupa, yaani kiwavi aliyekwisha kujifunga kabla hajawa kipepeo, kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Pupa hao huuzwa kwa nyumba za maonyesho ng'ambo. Kabla ya hapo, majirani wengi wa msitu, waliochoshwa na ndovu na nyani shambani, waliona heri ukatwe. Sasa mfugaji anautaka usimame, kwa sababu jike wa kuanzishia ufugaji hutoka humo humo. Mpiga picha anayekanyaga miche na kuvunja matawi ili apate nafasi nzuri anaharibu chakula cha viwavi, na riziki ya jirani yake.

Sasa kazi yenyewe. Kipepeo hupata joto lake juani. Asubuhi, kabla jua halijakolea, huwa mzito, ametandaza mbawa akiota jua. Huo ndio wakati wenu. Saa sita mchana mtafukuzana naye bure. Sogea polepole, umeinama, na kivuli chako kisimwangukie, kikimgusa, ameshaondoka. Simu inatosha. Usiivute picha kwa vidole kwenye kioo, sogea wewe. Gusa kioo palipo na jicho lake ili simu ilenge hapo, kisha piga nyingi mfululizo. Akiwa amefumba mbawa, simu iwe sambamba nazo, la sivyo nusu ya ubawa itatoka na ukungu.

Wale wakubwa wenye mbio, Charaxes, hawana haja sana na maua. Wao ni embe na ndizi zilizooza, na hata kinyesi. Weka embe lililochacha kando ya njia, uketi. Akianza kufyonza hutulia, na utamkaribia kuliko ulivyodhani. Baada ya mvua, tazameni pia matope ya njiani, madume hukusanyika hapo kutafuta chumvi.

Piga mbawa pande zote mbili, juu na chini. Kuna jike wa Papilio dardanus anayeiga sura ya vipepeo wenye ladha mbaya ili ndege wamwache. Kwa picha moja tu utamwita jina lisilo lake mbele ya mgeni. Halafu weka tarehe na mahali. Picha yenye hayo mawili, ukiipandisha kwenye iNaturalist, inamsaidia mtafiti kujua nani yupo kwenye mirihi, nani yupo kwenye vichaka, na msimu gani.

Asiye na nauli ya kwenda msituni aanze na mndimu wa nyumbani. Papilio demodocus hutaga kwenye majani ya mndimu na mchungwa. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, akikua huwa kijani, na ukimsumbua hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Tafadhali, mpigeni picha kabla baba hajaja na dawa ya kunyunyiza.

Msituni tupitie langoni, tulipe ada, tufuate njia. Kukamata vipepeo kunahitaji kibali, kwa hiyo hakuna atakayebeba wavu. Kesho tunaondoka hapa saa moja asubuhi. Njooni na simu zenye chaji, na mwenye embe bovu asilitupe.