Daktari Mwenye Cheo Amtibu Nani Kwanza?



Tulipotangaza mada ya leo, baadhi yenu mlituuliza shirika la kanisa linatafuta nini katika udaktari wa kijeshi. Swali hilo ni la haki, nasi tunaomba tulijibu kwa mfano mmoja.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuanzisha chuo kikuu cha kufundisha madaktari wa majeshi. Kiko Bethesda, Maryland, na madaktari wake wa kwanza walihitimu mwaka 1980. Mwanafunzi halipi ada. Husoma akiwa tayari ni afisa mwenye mshahara, kisha hulitumikia taifa kwa miaka isiyopungua 7.

Darasani masomo yao hayatofautiani sana na ya wenzao wa vyuo vya kiraia. Tofauti huonekana porini. Wakifika mwaka wa nne hupelekwa Pennsylvania kwenye zoezi liitwalo Bushmaster. Huko kuna mahema, uchovu, na waigizaji waliopakwa damu bandia. Mwanafunzi leo ni mganga, kesho anaongoza kikosi. Majeruhi huletwa wengi kwa pamoja, vifaa havitoshi, na wakufunzi hutazama atamshika nani kwanza, na mkono wake utaanzia wapi. Vita vya Iraki na Afghanistani viliwarudisha madaktari kwenye kamba ya kukaza mguu unaovuja damu, ambayo kwa miaka mingi wengi wao waliiogopa. Elimu hiyo ilinunuliwa kwa gharama kubwa mno, na kuisifu si kuvisifu vita.

Lakini lililotugusa zaidi ni hilo la nani kwanza. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 unasema kwamba ni sababu za dharura za kitabibu peke yake zinazoruhusu majeruhi mmoja kutangulizwa. Cheo hakimo, wala bendera. Adui aliyeumia vibaya humtangulia rafiki mwenye jeraha dogo. Hapa ukumbini ni rahisi kuyasema. Ni vigumu kuyatenda wakati mwenzako mliyelala hema moja anakuita kwa jina, nawe umevaa sare kama yake. Ndiyo maana hufanyiwa mazoezi kabla siku yenyewe haijafika.

Sasa tugeukie kwetu. Katika zahanati moja tuliyoitembelea, tulimwona mgeni wa kamati akipitishwa mbele ya mama aliyepakata mtoto anayetetemeka kwa homa. Mganga alituangalia. Sisi tulikuwepo, na hatukusema neno.

Kwa hiyo tunaomba kila kamati yenye zahanati ikae na mganga wake kabla ya mkutano wa robo ijayo. Andikeni pamoja ni mgonjwa wa namna gani anayetangulia, karatasi hiyo ibandikwe mlangoni, na wajumbe wa kamati wawe wa kwanza kuifuata. Wafadhili wakitutembelea, tutawaomba nao wakae kwenye benchi na wengine.